Zamu ya Masika Kushukuru

Mimi huwa sipangishi mtu anayelia. Nilimwambia Masika hivyo siku ile ile alipokuja kuulizia chumba cha nyuma, hapa Observatory, Johannesburg, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Akanijibu kwamba ni dawa ya nywele, yeye ni msusi kule Yeoville na kutwa nzima alikuwa akiwatia watu dawa. Nikampa ufunguo. Kumbe alikuwa analia kweli: mumewe alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na huko akapata kazi na mke. Lakini alinidanganya kwa adabu, na mtu anayedanganya kwa adabu unaweza kuishi naye.

Basi tukaishi. Mimi Mayasa ni mtu wa Tanga, nauza madira na mandazi Mayfair, mtaa wa Waislamu, na ulimi wangu wapangaji wote wanaujua. Yeye Mnande wa milimani, upande wa Butembo huko Kongo, mpole mpaka anaudhi. Jumapili anatoka kanisani sauti imekauka kwa kuimba, Ijumaa mimi natoka msikitini, na katikati ya wiki tunagombania nani kamaliza gesi. Mama yake alibaki kijijini, mwanamke wa shamba la maharage, na kila Ijumaa mchana Masika alimpigia simu. Alikuwa anapiga akiwa njiani kutoka kazini, anatembea huku anapaza sauti mpaka watu waliosimama kwenye robot, taa za barabarani, wanageuka, maana mtandao wa kule ulikuwa wa kudokoa. Akifika nyumbani ananipa salamu: mama amekusalimu, mama anauliza kama bado unagombana na watu. Mwanamke yule hajawahi kunitia machoni na alishanijua.

Kumwona ndiko kulikokuwa hakuwezekani. Karatasi ya ukimbizi aliyonayo Masika haivuki mpaka. Ukitoka nayo nje ya Afrika Kusini umeitupa, na kurudi ni kubahatisha. Kwa hiyo tangu alipofika mji huu msichana hajamwona mama yake, na kila sikukuu alisema mwakani, inshallah, hata neno lenyewe alilipata kwangu.

Kazi ya kusuka ilipodorora alipata kazi ya usafi kwenye chekechea moja ya Wayahudi, ng'ambo ya barabara ya Louis Botha. Alivyotoka kwenye ufagio akaingia darasani, hicho nacho ni kisa. Ijumaa asubuhi pale wanatengeneza mkate wao wa kuikaribisha Sabato, mkate wa kusukwa kama nywele. Mwalimu wa watoto wa miaka minne na mitano, wao humwita Mora Aviva, mora ndiyo mwalimu kwa lugha yao, alikuwa anahangaika na donge la unga, watoto wamemzunguka na kila mmoja anavuta upande wake. Masika amesimama na deki lake, anatazama. Mwenyewe aliniambia mikono ilimwasha. Akavumilia, akavumilia, mwishowe akaomba kunawa, akaushika ule unga akausuka nyuzi sita bila kuangalia chini, huku anawaambia watoto watulie kama anavyowaambia wateja wake. Mora Aviva akamuuliza kama amewahi kufundisha. Masika akasema hapana, ila amewahi kukalisha kitako watu wasiotaka kukaa, tangu asubuhi mpaka jioni. Haukupita muda akafanywa msaidizi wa darasa.

Mayfair hapakosi watu wenye maneno, na zama hizi ndiyo usiseme. Mmoja akaniuliza inakuwaje nakaa nyumba moja na mtu anayefanya kazi kwa Wayahudi. Nikamwambia anafundisha watoto wa miaka minne kusema asante, na mwenye ugomvi na asante aje kwangu tuuzungumze. Hakuja.

Mimi kwa furaha yangu nikaenda kukosea. Siku moja nikakaanga mandazi ndoo nzima, nikafunga safari mpaka chekechea, mimi na baibui langu na ndoo yangu. Mlinzi wa getini akaniangalia mimi, akaiangalia ndoo, akamwita mwenzake. Mora Aviva akatoka mwenyewe, kafunga kitambaa kichwani kama mimi tu, akanieleza taratibu kwamba chakula kilichopikwa nje hakiingii, jiko lao lina sheria zake, hata mama wa mtoto haruhusiwi kuleta keki. Nilishaanza kununa. Halafu nikajiuliza, we Mayasa, ukialikwa kwa mtu si unauliza kwanza nyama kachinja nani? Nikamwambia hivyo hivyo, akacheka mpaka akashika geti. Mandazi wakayala walinzi, nikarudi na ndoo tupu.

Jioni ya Ijumaa Masika alikuwa akiniigizia darasa zima jikoni kwangu. Meza inatandikwa kitambaa cheupe, mishumaa miwili, kikombe cha maji ya zabibu, na mkate umefunikwa. Unafunikwa kwa nini? Kwa sababu kikombe ndicho kinachobarikiwa kwanza, na mkate usije ukaona haya kwa kupitwa. Hiyo niliipenda. Nilisema watu wanaouchungia mkate heshima yake, hao wamelelewa. Kabla ya kumegwa, mkate unazungushwa mkono kwa mkono, na kila mtoto akiushika anasema anashukuru kwa nini. Mmoja kwa mbwa wake. Mmoja kwa soksi. Yupo mmoja anaitwa Naftali, huyo alishukuru kwamba dada yake anaumwa, kwa hiyo baiskeli leo ni yake peke yake, ikabidi Mora aingilie. Mwalimu naye ana zamu, na wa mwisho ni Masika. Yeye shukrani yake ilikuwa moja, haibadiliki: asante kwa mama yangu. Watoto walimzoea hata wakawa wanaisema pamoja naye, kabla hajafungua kinywa.

Huyo huyo Naftali, siku nyingine, alianza kushukuru kwa tufaha lililokuwa kwao kwenye friji. Mora akamwambia shukrani ya namna ile haisemwi hewani. Unakishika kitu kwanza, kiko mkononi mwako, ndipo unalitaja jina la Mungu. Ukishukuru kwa kisichokuwepo umemwita Mungu bure. Masika alinisimulia kama kichekesho cha mtoto, na tulicheka wote wawili. Hatukujua kwamba neno lile limeshamwingia.

Ijumaa moja akapiga simu, haikuita. Tukasema ni mtandao. Ijumaa iliyofuata vilevile. Mimi nikamwambia mlima ule siku zote una mambo yake, ngoja. Halafu redio zikaanza kusema mapigano yamepanda mpaka huko, minara imezimwa, watu wako barabarani na magodoro kichwani. Akawa anapiga kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku mwanamke yule wa kampuni ya simu anamwambia kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Baadaye kanisani kwao akaja mtu aliyetokea pande hizo, akasema kile kijiji hakina mtu, na kwamba njiani kuna waliokufa wengi, hasa wazee.

Ijumaa ile mkate ukazunguka darasani mpaka ukamfikia Masika. Watoto wakaanza kwa sauti moja, asante kwa mama... Akaushika, akafungua kinywa, akakifunga. Akaupitisha. Jioni nikamuuliza ilikuwaje, akaniambia, "Dada, siko naye mkononi. Nitamshukuru Mungu ju ya nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia Mungu si karani wa posta, hadai kuonyeshwa mzigo ndipo apokee asante, na yeye ni Mkristo, sheria za Naftali zinamhusu nini. Akasema si sheria. Akasema akitaja jina la mama yake kama mtu aliye hai, na kumbe amelala porini hajafunikwa hata jani, atakuwa amemtukana. Na akimwombea kama maiti, na kumbe yuko mahali anasikia njaa, atakuwa amemzika. Hana pa kumweka. Ndiyo maana ananyamaza.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mkate unafika kwake, anaushika kidogo, anaupitisha. Watoto mwanzoni walimnong'oneza, wakidhani amesahau. Mora akawaambia Masika atasema akiwa tayari, wamngoje, na kungoja nako ni jambo la kujifunza. Watoto wa miaka minne wana adabu wakitaka. Walimngoja.

Waliokosa subira ni watu wazima. Jocelyne, mkuu wa akina mama wa kanisa lao, alikuja hapa na wenzake wawili wakakaa kwenye makochi yangu. Wakasema imetosha, mama wa watu hajaliliwa, na asiyeliliwa hapumziki, na mwana asiyelia ataugua. Wakapanga ukumbi, wakapanga nani atapika, wakapanga fulana za matanga, wakamwomba Masika picha ya mama ya kuchapa kifuani. Nilivumilia mpaka kwenye picha. Nikauliza maiti iko wapi. Jocelyne akanijibu kwamba kwao vita haviachi maiti. Nikamwambia mimi hapa kwangu sizikii mtu kwenye fununu, na kama wanataka kulia kwa pamoja waende wakalie hali ya umeme. Waliondoka bila kunywa chai. Masika aliwasindikiza mpaka getini na kuwashukuru kwa kuja.

Lakini kusema kweli, mimi mwenyewe nilishaamini kwamba amekufa. Nilikuwa nampigania mtu ambaye moyoni nilishamsomea fatiha. Sikumwambia Masika, ila nadhani alijua, kwa sababu aliacha kuniuliza naonaje.

Mwaka ukaisha bila neno. Siku moja Mora Aviva alimkuta peke yake darasani anasugua rangi iliyogandia mezani. Akamwambia kwao ipo shukrani moja ya nadra sana. Ukimwona kwa macho yako mtu umpendaye, baada ya mwaka mzima hujamwona wala hujapata habari zake, unamshukuru Mungu anayefufua wafu. Masika akaacha kusugua. Akaomba afundishwe maneno yake, neno kwa neno. Sijui kama sheria zao zinamruhusu Mkristo wa Butembo, na Mora hakulisemea hilo, alimfundisha tu.

Basi nikawa namsikia. Anaosha vyombo, anayarudia. Anatandika kitanda, anayarudia, Kiebrania kwa lafudhi ya milimani kwao. Nilimuuliza anayaweka ya nini maneno ambayo hana wa kumsemea. Akasema anataka siku hiyo ikifika asibabaike. Nilitoka nikaenda kusimama uani. Ilinikata maini, na nilikuwa sitaki anione.

Jumapili moja ya Julai, baridi inang'ata mpaka mifupani, tulikuwa tumekumbatia hita ya gesi pale sebuleni. Jocelyne akaingia bila kubisha hodi. Nikajiandaa, nikadhani amerudi na fulana zake. Kumbe amekimbia kutoka kituo cha basi, hata pumzi hana, anamnyooshea Masika simu. Kundi la kanisa lao lilipata ujumbe kutoka kambi ya wakimbizi huko Uganda. Kuna mwanamke wa kijiji kile huko, ana simu ya kitochi, huwaazima wenzake. Katika wanaolala hema moja naye yumo bibi mmoja anayeitwa Mama Masika.

Masika alishindwa kubonyeza. Nilibonyeza mimi. Ikaita, ikapokewa, wakaanza kilugha chao, na mimi Kinande sijui hata salamu. Jocelyne akaja akakaa ubavuni kwangu, kwenye kochi lile lile alilokalia siku niliyomfukuza, akawa ananinong'oneza maana.

Kwanza hakuna aliyelia. Mama aliuliza wewe ni nani. Masika akasema ni mimi, Masika. Mama akasema Masika alishakufa.

Nilidhani Jocelyne amekosea, nikamtaka arudie. Hakukosea. Bibi yule alipoteza simu akivuka mto, na namba ya mwanawe ilikuwa humo, kichwani hakuwa nayo. Huko njiani mtu akamwambia kwamba Johannesburg kuna nyumba wanamokaa wahamiaji imeungua na watu ndani. Ijumaa zikapita, na hakuna habari ya mwanawe. Akajua. Kufika kambini akawakusanya wanawake, wakakaa matanga, wakamlilia Masika, mama akanyoa nywele na kuvaa nguo nyeusi. Wakati mimi hapa nawafukuza watu wasimlilie mama, mama huko alishamaliza kumlilia mwana.

Mama akauliza swali moja: siku ulipoanguka mtoni, nani alikutoa? Masika akajibu kwamba hakuanguka, dada yake Kahindo alimsukuma, na akatoka mwenyewe, na mama akampiga Kahindo, kisha akampiga na yeye kwa kulowanisha nguo. Halafu ikatoka sauti kwenye ile simu ambayo sikuhitaji nitafsiriwe.

Walilia mpaka salio likakaribia kwisha, Jocelyne akaongeza kwa simu yake. Walipopata nafuu Masika akamsihi mama avue nguo nyeusi, aanue matanga, mwana yu hai. Mama akakataa. Jocelyne akanipa maneno yake kama yalivyosemwa:

"Sauti nimeisikia na ninaiamini. Lakini ni macho haya yalikulilia, na ni macho haya yataivua hii nguo. Nitaivua siku nitakuona."

Masika akamweleza habari ya karatasi. Mama hakuelewa ni karatasi gani hiyo inayoweza kumshika mtu mzima mwenye miguu yake. Akauliza mara mbili. Mwisho akasema basi atangoja, nguo yenyewe bado nzima, itafika.

Tukapanga kumtumia simu kubwa wapate kuonana kwenye kioo. Wakasema kambini umeme wa kuichaji hakuna, na simu nzuri haikai, itaibiwa. Siku chache baadaye nikamwambia Masika, kumfariji, kwamba angalau ile shukrani yake ya kufufua wafu sasa imepata mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alishamuuliza Mora Aviva. Ile ni ya mtu ambaye hakupata habari yoyote. Yeye sasa ameshaisikia sauti, anajua mama yu hai, kwa hiyo siku akimwona atasema ile ndogo tu, ya mtu aliyekawia kumwona mwenzake.

"Ile kubwa imenipita, Dada," akasema. "Wacha ipite. Niko na hamu ya hii ndogo, we hujui."

Namjua Masika, haneni sana, na aliponiambia vile nilitamani kwenda mpakani mwenyewe nikagombane na wenye karatasi. Usingizi wake ulirudi, chakula kikarudi, lakini hamu ilizidi. Kabla ya hapo alikuwa hajui amtamani nani, aliye hai au aliyekufa. Sasa alijua yuko wapi, amevaa nini, na anangoja nini.

Ijumaa ikafika. Aliniambia mwenyewe jioni, amekaa pale jikoni. Mkate ulizunguka kama siku zote. Soksi zikashukuriwa, na paka mpya wa mtu, na mvua ambayo haikunyesha siku ya kuzaliwa. Ulipofika kwa Masika, Naftali alishanyoosha mikono aupokee na kuurudisha mezani, maana kwa kuzoea zamu ya Masika ilikuwa si zamu tena. Masika hakumpa. Aliushika kwa mikono miwili, akasema, "Ninashukuru, ju mama yangu ananililia."

Watoto wakamtazama Mora, na Mora Aviva alikuwa ameinamia mishumaa kana kwamba ina kasoro. Naftali ndiye aliyeuliza, maana huyo hawezi kuacha jambo lipite. Akataka kujua kulia kuna uzuri gani.

"Aliyekufa halii, mwanangu," Masika akamwambia.

Naftali akaishusha mikono aliyokuwa ameinyoosha. Halafu akasema amina, na wenzake wakasema amina, na Masika akaumega mkate.